Muuguzi Mwenye Lupasi na Zamu za Wodini

Kata ya Ipuli imo ndani ya Manispaa ya Tabora, na muuguzi aishiye huko hufika kazini kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda. Kwa mwenye afya njema safari hiyo si jambo la kuzungumzwa. Kwa aliyepatwa na lupasi, kuipanga ni sehemu ya matibabu. Mji uko kwenye uwanda wa juu wa takriban mita 1,200, jua la kiangazi ni kali, na mionzi yake yaweza kuamsha ugonjwa uliokuwa umetulia, si kwenye ngozi tu bali hata kwenye viungo vya ndani. Mwavuli, mikono mirefu na kutoka nyumbani mapema si urembo.

Lupasi, kama baridi yabisi, hutokea pale kinga ya mwili inapoushambulia mwili wenyewe. Huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa, yaani umri uleule wa wauguzi wengi walioko kazini. Huanza kwa homa, uchovu, maumivu ya maungo na kunyonyoka nywele. Katika mkoa wenye malaria, dalili hizo hutibiwa kwanza kama malaria, kisha kama taifodi, kisha kama malaria tena. Muuguzi ana hatari ya ziada: kabati la dawa liko karibu. Hujichoma diklofenaki ili amalize zamu, au humeza deksamethasoni siku mbili tatu, akapata nafuu, akaacha. Diklofenaki yaweza kuziumiza figo ambazo lupasi tayari inazitishia, na nafuu ya deksamethasoni huficha dalili ambazo daktari angezitambua.

Dawa ya msingi ya lupasi ni haidroksiklorokwini, na jina lake huleta mkanganyiko. Ni ndugu wa klorokwini, ile iliyokuwa ikiwawasha watu mwili mzima na ambayo Tanzania iliiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Wapo wagonjwa wanaoiacha kwa kudhani wamepewa dawa ya malaria iliyoshindwa. Hapa haiui vimelea. Kazi yake ni kuituliza kinga, na huhitaji wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kuonyesha manufaa. Dozi ya kila siku isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, na macho yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, au mapema zaidi kwa mwenye tatizo la figo.

Prednisoloni isikatishwe ghafla baada ya kutumiwa kwa majuma mengi, kwa kuwa mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Methotreksati, itumikayo zaidi kwa baridi yabisi, humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewaua watu. Anayeitumia asijiandikie ko-trimoksazoli kwa kikohozi au mkojo unaouma, maana dawa hizo mbili zikikutana zaweza kuufanya uboho ushindwe kutengeneza damu. Ni kosa rahisi kwa mfanyakazi wa afya kuliko kwa mgonjwa wa kawaida, na hilo lisemwe wazi.

Kinga iliyopunguzwa kwa dawa hubadili pia mahali pa kufanyia kazi. Wodi ya kifua kikuu si mahali pake wakati anatumia dozi kubwa ya prednisoloni. Chanjo ya homa ya ini B anaweza kupewa. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na ya homa ya manjano, hazifai akiwa kwenye dawa kali za kushusha kinga. Mkojo upimwe protini na shinikizo la damu lipimwe hata akijisikia mzima, kwa sababu figo huharibika bila maumivu. Panapohitajika bingwa, wagonjwa wa Tabora huweza kupewa rufaa hadi Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 300. Safari hiyo inahitaji ruhusa, na ruhusa inahitaji sababu.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mwenye upele usoni na aliyekonda huogopa minong'ono ya Ukimwi, au kuitwa mtegaji siku vidole vinapokakamaa hadi saa nne asubuhi. Basi hunyamaza, akapangiwa zamu za usiku mfululizo hadi alazwe katika wodi anayoihudumia. Muuguzi mfawidhi hana haja ya kujua kila kipimo. Barua ya daktari inayotaja kazi zipi anaziweza yatosha. Zamu ya mchana, kliniki ya watoto, au meza ya kumbukumbu wakati ugonjwa umepamba moto, ni mabadiliko yasiyohitaji bajeti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36, kwa cheti cha daktari: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Walio katika utumishi wa umma wana pia kanuni zao, ambazo afisa utumishi anapaswa kuwaeleza.

Siku ya kliniki, muuguzi abebe ratiba ya zamu zake pamoja na dawa zote anazomeza, zikiwemo alizojipatia mwenyewe.