Je, Wajua? Fumbo la Nile Lililopita Tabora

Je, wajua kwamba mwaka 1971 BBC ilionyesha tamthilia ya sehemu 6, The Search for the Nile, juu ya Wazungu waliohangaika kutafuta chimbuko la mto huo? Kenneth Haigh aliigiza kama Burton, John Quentin kama Speke, na James Mason akawa msimulizi.

Kwamba mwaka 1972, baada ya NBC kuionyesha Marekani, ilipata tuzo ya Emmy katika kundi la michezo inayotungwa juu ya matukio ya kweli? Waandishi wake, Michael Hastings na Derek Marlowe, walipata tuzo yao pia.

Kwamba sifa hizo zilipokuwa zikimiminika, mkazi wa Tabora hakuwa na televisheni ya kuitazamia? Zanzibar ilianza matangazo ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Basi walioipima tamthilia hii hawakuwa watu wa njia yenyewe ya misafara iliyopita Tabora. Mhakiki wa London anaweza kuipima sauti ya Mason. Ila anayejua jinsi mpagazi wa Kinyamwezi alivyojitwika mzigo, au jinsi mtemi alivyodai hongo, yaani ushuru wa njia, kabla msafara haujapita, ni mwenyeji. Hukumu yake haikusikika, na mimi naihesabu kuwa hasara.

Kwamba fumbo la chimbuko la Nile lilikuwa fumbo kwa wageni tu? Burton na Speke walifika Kazeh, makazi ya wafanyabiashara Waarabu palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Mwenyeji wao, Snay bin Amir, aliwaeleza kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa. Waliokwenda huko kununua pembe walilijua. Hata hivyo wageni wakaelekea kwanza magharibi, Ujiji.

Kwamba Julai 1858 Burton, akiwa mgonjwa, alibaki Kazeh, na Speke akaenda kaskazini bila yeye? Tarehe 3 Agosti, akiwa upande wa Mwanza, Speke alilitazama ziwa akaamini hilo ndilo chimbuko la Nile. Alirudi Kazeh tarehe 25 mwezi huohuo, na hapo ndipo urafiki ulipovunjika. Burton alihoji: umelizunguka? Umeuona mto ukitoka? Speke hakuwa amefanya hayo. Isitoshe, habari za wenyeji zilimfikia kupitia kwa mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, aliyezungumza naye Kihindustani, kwa kuwa Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili cha kutosha. Burton alikuwa na haki ya kudai ushahidi, lakini Speke ndiye aliyekuwa amepatia. Mpelelezi Stanley alilizunguka ziwa mwaka 1875, akampa haki yake, miaka 11 baada ya Speke kufa.

Kwamba kifo chake ni fumbo jingine? Tarehe 15 Septemba 1864 risasi ya bunduki yake mwenyewe ilimuua akiwa mawindoni, siku moja kabla ya mjadala mjini Bath ambako angekabiliana na Burton. Uchunguzi ulisema ni ajali. Wapo wanaobisha hadi leo.

Kwamba Bombay alisafiri na Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, na mwisho akavuka bara zima na Cameron hadi Atlantiki mwaka 1875? Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali na pensheni. Katika filamu ya Mountains of the Moon ya mwaka 1990, aliyoisifu mhakiki Roger Ebert, Bombay yumo, lakini hadithi ni ya Burton na Speke. Mimi ningemfanya yeye mhusika mkuu, maana alikuwepo katika safari zote hizo.

Kwamba mwaka 1871 mtemi Mirambo aliifunga njia ya Ujiji? Stanley aliingia vitani upande wa Waarabu wa Tabora, wakashindwa, naye akalazimika kuzunguka kusini ili amfikie mpelelezi Livingstone. Mwaka 1876 Stanley na Mirambo wakachanjiana udugu.

Kwamba Stanley alizichana kurasa za shajara yake zinazohusu kukutana kwake na Livingstone? Tim Jeal, katika wasifu wa Stanley wa mwaka 2007, anaona salamu ile mashuhuri, “Dr. Livingstone, I presume?”, ilitungwa baadaye.

Kwamba mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili? Hapo mtunzi wa tamthilia hana haja ya mkalimani.

Na kwamba tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, leo ni makumbusho? Livingstone aliishi hapo mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Oktoba 1873 watumishi wake, akina Chuma na Susi, walifika hapo na maiti yake. Cameron akawashauri wamzike palepale. Wakakataa, wakaibeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Ningeandika tamthilia, sehemu ya kwanza ingekuwa mabishano hayo.