Mgeni Aingiapo Kiwandani

Mtu asafiriye kwa barabara ya Bagamoyo huviona vilima vya Wazo kabla hajaambiwa kuwa amekwisha fika Tegeta. Hapo ndipo kiwanda cha saruji kilipoanza kuzalisha mwaka 1966, na tangu siku hizo malori hayajakoma kupita. Maghala na karakana zimeota kila upande. Penye kazi pana lango, na langoni hukaa mlinzi na daftari lake la wageni. Juu ya daftari hilo tuna neno leo.

Hivi karibuni tulifika katika karakana moja ya huko, ambayo hatutaitaja. Mlinzi alituandika kwa unadhifu wa kupendeza: jina, tutokako, tumtakaye na namba ya simu. Alipokuwa akiandika, mama lishe alipita na sufuria yake kichwani; nyuma yake wakafuata vibarua wawili wa kupakua mizigo, na utingo aliyevaa kandambili. Hakuna aliyeandikwa. Tulipouliza, mlinzi alitujibu kwa upole, "Hao ni watu wetu, mzee."

Sisi tulipelekwa ofisini kunywa chai. Watu wake ndio walioingia hadi penye mashine ya kukatia vyuma, bila kofia ngumu, na bila kuonyeshwa mlango wa kutokea pakizuka hatari. Je, moto ungewaka mchana ule, nani angejua kwamba mama yule yumo ndani?

Swali hili si la kubuni. Tarehe 16 Novemba, 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo. Kwa siku kadhaa waokoaji walifukua kifusi, huku ndugu wakisubiri nje habari za watu wao. Twakiri kwamba duka haliwezi kumwandika kila mnunuzi. Lakini mahali penye lango moja, mlinzi na kalamu, udhuru huo haupo.

Wala sheria haikunyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, haikumwekea kinga mwajiriwa peke yake. Imewataja pia watu wasio wafanyakazi ambao shughuli za mahali hapo zaweza kuwadhuru. Mama lishe yumo, na utingo yumo. Tungependa wakaguzi wa OSHA, kila waingiapo karakana, waanze kwa kulipekua daftari la langoni kabla ya kutazama mitungi ya kuzimia moto.

Jambo jingine ni hilo daftari lenyewe, lililoachwa wazi juu ya kiti cha plastiki. Kila ajaye husoma majina na namba za simu za waliomtangulia. Binti aliyekuja kuomba kazi asubuhi aweza kupigiwa simu usiku na mtu asiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo yawahusu wenye madaftari kama haya. Karatasi moja ya kufunika mistari ya juu ingetosha kuanzia.

Tusimlaumu mlinzi peke yake. Tarehe 7 Agosti, 1998, papa hapa Dar es Salaam, lori la mabomu lililokusudiwa ubalozi wa Marekani halikuvuka lango. Watu 11 waliuawa, walinzi wakiwa miongoni mwao. Hiyo ndiyo kazi ya lango. Hata hivyo, yuko mwajiri ambaye hata leo humkabidhi mlinzi mgeni kabisa rungu na daftari, akamwonyesha kufuli, akaondoka. Hakumwambia nani aandikwe, wala wageni wakusanyike wapi king'ora kikilia, wala kwamba daftari hilo ndilo la kukimbia nalo ili watu wahesabiwe.

Tutapita tena katika karakana ile. Tutaomba kutazama daftari, na jina tutakalolitafuta kwanza ni la mama lishe.