Sentensi ya Mwisho Mlangoni

Wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, Marekani, waliombwa mmoja mmoja na watafiti waende kutoa hotuba fupi katika jengo la jirani. Baadhi walipewa mada ya kazi zinazowafaa wahitimu wa seminari. Wengine walipewa hadithi ya Msamaria Mwema, yule aliyemhudumia majeruhi ambaye kuhani na Mlawi walikwisha kumpita.

Njiani, kwenye uchochoro, alikuwapo mtu kajiinamia mlangoni, macho kayafumba, akikohoa na kugumia. Alipangwa na watafiti, wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson, waliotaka kujua nani atasimama.

Ungetarajia wasimame wenye Msamaria kichwani. Lakini katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1973, mada haikuleta tofauti ya maana. Tofauti ililetwa na sentensi ya mwisho waliyoambiwa kabla ya kutoka. Kwa walioambiwa muda bado upo, asilimia 63 walitoa msaada. Kwa walioambiwa wamechelewa na wanangojwa, asilimia 10. Wapo waliomruka mgonjwa wakiwahi kumhubiri Msamaria.

Ni rahisi kuwaita wanafiki. Mimi siwezi, kwa sababu ya jambo ambalo watafiti hao waliliandika na ambalo husimuliwa kwa nadra: baadhi ya waliopita walifika jengo la pili wakiwa na wasiwasi mwingi. Walikuwa wamemwona. Ila kulikuwa na mtu mwingine anayewategemea, aliyewatuma, na hawakutaka kumwangusha. Walibanwa kati ya watu wawili.

Kwa hiyo nikisikia kwamba utu umetutoka kwa kuwa mioyo imekuwa migumu, sikubali. Nenda kituo cha daladala Dar es Salaam alfajiri, umwone konda akimzuia mwanafunzi asipande. Konda huyohuyo, mtaani kwake kukiwa na msiba, ni wa kwanza kutoa mchango. Asubuhi ana hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari, fedha ambayo lazima itimie kabla hajapata yake, na nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Ukimhubiria huruma, umempa mada tu.

Natamani watafiti wetu waende kwa tajiri. Hesabu ikishushwa kwa wiki moja tu, wanafunzi wangapi zaidi watapanda?