Mbuzi Akiharibu Mimba

Mbuzi akiharibu mimba huku Kizimkazi, Unguja, sababu hazikosekani: kapigwa pembe na mwenzake, kala jani baya, kaingiwa na kijicho. Kijusi hutupwa vichakani kwenye mawe, kunguru wakakigombania, na mama mwenye mbuzi akanawa mikono kwa maji matupu akaenda zake pwani kwenye mwani. Mimi ni daktari wa mifugo. Saa ile moja, tangu kijusi kinapoanguka hadi kinapoondolewa bandani, inanitia wasiwasi kuliko maradhi mengi tunayoyapigia kelele.

Miongoni mwa wadudu wanaoangusha mimba za mbuzi na kondoo yumo bakteria aitwaye Klamidia abotasi. Jina hilo huwashtua watu, kwa sababu hospitalini klamidia hutajwa pamoja na magonjwa ya zinaa. Ukoo ni mmoja, mdudu ni mwingine. Klamidia ya zinaa, ambayo aina zake nyingine ndizo zinazoleta vikope machoni, haitoki kwa mbuzi. Hii ya mbuzi humpata mtu kwa kushika uchafu wa uzazi wa mnyama au kuvuta vumbi lake, na haihusiani hata kidogo na mwenendo wa mtu. Ukoo wenyewe ni mpana. Koala wa Australia hupofuka na kuwa tasa kwa klamidia yao, na mwaka 2025 nchi ile iliidhinisha chanjo kwa ajili yao. Hata kasa waliofugwa visiwa vya Cayman waliwahi kufa kwa maradhi ya ukoo huu.

Nje ya mwili mdudu huyu ni chembe ndogo mno isiyokula wala kuzaana. Ikimezwa au ikivutwa puani, huingia ndani ya seli, ikageuka umbo, ikaanza kula na kugawanyika. Baada ya siku mbili tatu seli hupasuka na kumwaga chembe mpya tele. Kwa mbuzi asiye na mimba hujificha bila dalili yoyote. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi. Ikipita siku ya 90, mdudu huvamia kondo la nyuma, na mimba hutoka wiki mbili tatu kabla ya siku zake, ilhali jana yake mbuzi alikuwa akila vizuri.

Kijusi mara nyingi huwa kimekamilika, kina manyoya na kwato, wala hakijaoza. Litazame kondo, bila kuligusa. Badala ya kuwa jembamba lenye kuteleza, huwa nene na gumu kama ngozi mbichi, limepakaa uchafu mzito wa rangi ya kahawia. Humo ndimo mdudu alimojaa, na ndilo pande analoondoka nalo kunguru.

Mara nyingi ugonjwa huletwa na mbuzi mgeni. Mbuzi wengi huvushwa kutoka bara, hasa Iddi ikikaribia, na jike aliyependeza huachwa afugwe. Huyo akiharibu mimba bandani, wenzake huambukizwa, lakini wengi wao hawaharibu mwaka ule. Huharibu mimba inayofuata, wakati mgeni keshauzwa au keshasahauliwa. Ndiyo maana kijicho hupata lawama isiyo yake.

Kwa macho peke yake huwezi kuapa kuwa ni klamidia. Brusela, homa ya Q na homa ya Bonde la Ufa nazo huangusha mimba, na zote huwaambukiza watu. Kati ya 2017 na 2019, watafiti kaskazini mwa Tanzania walichunguza visa 215 vya ng'ombe, mbuzi na kondoo walioharibu mimba, na walifika ndani ya saa 72. Chanzo kilijulikana kwa asilimia 19.5 tu. Kila sampuli ilipochelewa, jibu lilizidi kuwa mbali. Kilichosaidia sana ni pamba iliyopitishwa ukeni mwa mnyama. Kwa hiyo bwana mifugo apigiwe simu siku ileile.

Akingojewa, kondo na kijusi vifunikwe, visiguswe kwa mikono mitupu. Akishachukua sampuli, vifukiwe chini sana kwa chokaa, ambayo Unguja haina uhaba nayo. Mbuzi atengwe wiki tatu, na matandiko ya banda yachomwe. Sindano ya oksitetrasaikilini hupunguza mimba zinazoharibika katika kundi, ila haimalizi mdudu. Mfugaji asiuziwe matumaini hayo.

Kwa mtu mzima ugonjwa huweza kuja kama mafua mazito au kichomi. Kwa mjamzito hali ni nyingine kabisa: mdudu hulivamia kondo lake kama alivyolivamia la mbuzi, na mimba huweza kupotea, mama mwenyewe akawa taabani. Hutokea kwa nadra, lakini vijijini kwetu kuzalisha mbuzi ni kazi ya wanawake, na ndiyo maana nasisitiza: mjamzito asikanyage bandani msimu wa kuzaa, wala asifue nguo za aliyezalisha. Akipata homa, amwambie mkunga siku hiyohiyo kwamba nyumbani kuna mbuzi aliyeharibu mimba. Dawa za jamii ya tetrasaikilini hazimfai, lakini zipo nyingine za kumtibu, mradi anayemtibu ajue anatafuta nini.