Kula Hotelini Bila Kuudhulumu Moyo

Uzima ni mali ambayo mtu huitambua inapoanza kumponyoka. Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Methali hii tumeiandika kwenye insha tangu shule ya msingi, lakini mimi nimeielewa mwaka huu tu, tena nimefunzwa na sahani ya hoteli.

Niseme mapema kwamba sizungumzii zile hoteli kubwa za watalii. Nazungumzia hoteli zetu za mabati zilizo kando ya steji, mkabala na gereji, karibu na soko, na hata kile kibanda kilicho nje ya lango la shule. Huko ndiko wazazi wetu wengi hula chakula cha mchana, na ndiko sisi wanafunzi wa kutwa hukimbilia kengele ya saa saba inapolia.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba yangu ni fundi wa magari. Hutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Mnamo mwezi wa Januari alianza kuumwa na kichwa, na kila akiinama chini ya gari akawa anaona kizunguzungu. Alipopimwa kliniki, presha ilikuwa 168 kwa 102. Muuguzi alimweleza kwamba ikifika 140 kwa 90, na ikirudia kuwa hivyo siku nyingine, huhesabiwa kuwa imepanda. Alipimwa tena baada ya wiki moja, ikawa ile ile. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze chumvi, mafuta na sukari, na zaidi ya yote ale chakula cha nyumbani.

Mama alitii siku iyo hiyo. Mboga zetu zikawa chapwa hata ndugu yangu mdogo akauliza kama chumvi imepanda bei. Lakini wapi! Miezi miwili ikapita na presha haikushuka ilivyotarajiwa. Mama akaanza kumshuku Baba kwamba vidonge anavitupa. Kumbe vidonge alikuwa anameza. Tatizo lilikuwa kwamba chai ya asubuhi alikunywa hotelini, chakula cha mchana alikula hotelini, na nyumbani alikula cha jioni peke yake. Hicho chakula cha nyumbani kilikuwa mlo mmoja kati ya mitatu!

Likizo ya Aprili nilienda gereji kumsaidia kuandika risiti. Saa saba tukavuka barabara kwenda hotelini. Baba aliagiza chapati mbili na nyama ya kukaanga. Kabla hata hajaonja, alichukua kile kikopo cha chumvi kilichokuwa mezani akanyunyiza. Katikati ya chakula akamwita mwenye hoteli, "Mama, niongezee supu." Mwisho akateremshia na soda. Nilinyamaza, kwa sababu mtoto hamkosoi babake mbele za watu. Hata hivyo usiku ule sikulala vizuri. Siku zilizofuata nilimwuliza mwalimu wetu wa Biolojia, nikamwuliza na yule muuguzi. Haya ninayokueleza ndiyo niliyoyapata.

Chumvi huvuta maji. Mtu akila chumvi nyingi, mwili huzuia maji zaidi ndani ya damu. Damu ikiongezeka katika mishipa ile ile, msukumo wake hupanda, na moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada usiku na mchana. Miaka ikienda, kuta za mishipa hukakamaa na moyo wenyewe huchoka. Mafuta nayo yana njia yake. Mafuta yanayoganda, kama yale ya nyama na yale ya kupikia yaliyo magumu kama sabuni, huongeza lehemu mbaya katika damu. Lehemu hiyo hujibandika ndani ya mishipa hadi njia ikawa nyembamba. Ikizibika kwenye moyo, mtu hupata mshtuko wa moyo; ikizibika kwenye ubongo, hupata kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2019 maradhi ya moyo na mishipa yaliua watu wapatao milioni 17.9 ulimwenguni.

Usidhani hayo ni mambo ya Wazungu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na presha ya juu. Isitoshe, zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja! Tena kuna utafiti mwingine uliochapishwa mwaka wa 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Watafiti waliwafuata Waluo waliohama mashambani magharibi mwa Kenya na kuja kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Waliohamia jijini walianza kuwa na presha ya juu kuliko wenzao, na mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi ilikuwa imeongezeka katika chakula chao. Watu walikuwa ni wale wale. Kilichobadilika ni maisha, na sahani ikiwa mojawapo.

Sasa, je, fundi aache kazi arudi nyumbani kupika mchana? La hasha! Jambo la maana ni kujua kuagiza. Chumvi ikishaingia chunguni haitoki, na mafuta yakishamiminwa hayarudi katika mkebe. Kwa hivyo nafasi ya mteja ni kabla sahani haijajazwa. Hebu tuyatazame mambo matano.

Kwanza, kikopo cha chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani isiyofika kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa ile ya vyakula vyote. Chakula cha hoteli huwa tayari kimetiwa chumvi, na mara nyingi kimetiwa pia ule unga wa mchuzi wa pakiti, ambao nao una chumvi nyingi. Basi sukuma kile kikopo mbali, na usiombe kuongezewa supu. Watu wengi hudhani supu ni maji tu, kumbe chumvi na mafuta ya chungu kizima huishia humo. Ukiletewa kitoweo, kula vipande na uache mchuzi mwingi kwenye bakuli.

Pili, chakula cha kushibisha. Hapa ugali ni rafiki mkubwa, maana kwa desturi yetu ugali husongwa bila chumvi wala mafuta. Chapati hutiwa vyote viwili. Chipsi ndizo zaidi, kwa sababu huogelea katika mafuta na kisha hunyunyiziwa chumvi juu. Asubuhi badala ya mandazi, uliza kama kuna nduma, viazi vitamu au mahindi ya kuchemsha. Hoteli nyingi huwa navyo, ila wateja hawavitaji.

Tatu, kitoweo. Maharagwe, ndengu na kamande ni chakula cha moyo. Vina protini na vina nyuzinyuzi zinazosaidia kupunguza lehemu. Ukitaka nyama, chagua ya kuchemsha au ya kuchoma isiyo na mafuta mengi. Ukila kuku, ondoa ngozi. Samaki wa kupikwa kwa nyanya ni bora kuliko yule wa kukaangwa mpaka akakauka kama ubao. Na nyama choma je? Sisemi iachwe, nisije nikafukuzwa nyumbani. Nasema watu wawili waagize nusu kilo badala ya kilo nzima, waongeze kachumbari, na ile chumvi inayomwagwa pembeni mwa ubao ili kuchovya nyama iachwe kando. Bado ni sherehe.

Nne, mboga. Shirika hilo hilo linashauri mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Katika sahani ya hoteli mboga huwekwa kidogo pembeni kama mapambo. Mwambie anayepakua akuongezee sukuma wiki au kabeji na apunguze nyama. Jambo hili halina gharama, kwa kuwa mboga ni rahisi kuliko nyama. Ukimaliza, ndizi moja ya mama muuza matunda itakutosha.

Tano, kinywaji. Soda ya kola ya kawaida ina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 basi ina gramu 30 hivi, ambazo ni kama vijiko saba vya chai. Hebu chukua kikombe cha maji utie vijiko saba vya sukari, uone kama utainywa! Maji safi yanatosha. Chai nayo iagizwe isiyotiwa sukari, ili ujiwekee mwenyewe, na kijiko kimoja kipungue kila baada ya wiki mbili. Ulimi huzoea.

Hapo nilikuwa na elimu, lakini elimu bila ujasiri haimsaidii mtu. Jumapili moja nilimwambia Baba kwa heshima, "Baba, naomba kukuuliza kitu cha kazi yako. Pampu ya maji ya gari ikisukuma kwenye mipira iliyoziba, huwaje?"

Akanijibu, "Hufa kabla ya siku zake."

Nikamwambia, "Na moyo wako je?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atanigombeza. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Mami, mimi najua. Lakini nikianza kusema sitaki hiki, nipunguzie kile, wale vijana wa gereji watasema mzee amekwisha. Nani atampa kazi fundi mgonjwa?"

Kumbe Baba hakushindwa na chakula. Alishindwa na aibu. Nadhani wengi wako hivyo. Tunaona haya kuomba kitu tunacholipia kwa pesa zetu. Tena tunaogopa kuonekana wagonjwa, mpaka tuanguke na kuonekana wagonjwa kweli.

Nikamwomba ruhusa nikaseme mimi. Siku ya Jumatatu nilifika hotelini saa nne, kabla wateja hawajajaa. Nikamwamkua mama mwenye hoteli, "Shikamoo, mama." Nikamweleza polepole. Nilitarajia anune. Badala yake alipiga kofi akasema, "Ai! Mbona hakuniambia? Mimi maharagwe huchemsha asubuhi bila kitu. Kumtolea bakuli lake kabla sijakaanga ni kazi gani?" Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe ana presha tangu mwaka juzi, na huwa anajipikia kando!

Tangu siku ile Baba huletewa ugali, maharagwe yaliyotiwa nyanya, kitunguu, dania na mafuta kidogo ya maji, na sukuma wiki tele. Wale vijana walicheka siku mbili tatu. Wiki ya pili mmoja akauliza, "Hiyo ni nini inanukia hivyo?" Sasa wateja wengine huagiza "sahani ya fundi", na mwenye hoteli amekitoa kile kikopo cha chumvi mezani. Anayekitaka hukiomba.

Mwezi wa Agosti Baba alipimwa tena: 138 kwa 86. Muuguzi alifurahi, lakini akaonya kwamba asidhubutu kuacha vidonge kwa kuwa namba imekuwa nzuri, maana chakula na dawa zinavuta gari moja. Nami narudia onyo hilo kwako. Mzazi wako akiwa na presha, makala yangu haya yasiwe sababu ya kuweka dawa kando. Shauri la dawa ni la daktari.

Sisi wanafunzi tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya wazee. Mishipa huanza kuharibika pole pole tangu ujana. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, wakati nikimwonea Baba uchungu, nilikuwa nakula chipsi nje ya lango karibu kila siku, tena kutoka karai ambalo mafuta yake yalikuwa meusi kama oili chafu ya gari. Nyani haoni kundule! Siku hizi hubeba githeri kutoka nyumbani. Nikikosa, hununua mahindi ya kuchemsha, na chipsi nimeziachia siku moja ya kufunga shule.

Kwa kutamatisha, nakupa kazi moja ya nyumbani, msomaji wangu. Leo jioni mwulize baba, mama au mlezi wako: "Mchana ulikula nini, na wapi?" Halafu mwulize alipimwa presha lini mara ya mwisho. Asipokumbuka, hapo pa kuanzia umepata. Wapo watakaokuambia ponda mali, kufa kwaja. Waambie kwamba kufa kunakuja, sawa, lakini hakuna haja ya kukuitisha kwa kikopo cha chumvi.

Mwenye masikio na asikie. Kalamu naiweka chini, niende nikamletee Baba maji ya kunawa.