Rupia ya Kilosa haiuzwi kwa umri wake

Mtu wa Kilosa au Mikumi akitoa rupia ya Mjerumani aiuze, dalali huuliza mambo mawili: uzito wake na mwaka wake. Uzito ni swali la sonara anayewaza kuyeyusha. Mwaka ni swali la anayedhani kila cha zamani ni ghali. Mkusanyaji, ambaye ndiye hulipa vizuri, hutazama vitu vingine kabisa, na muuzaji asiyevijua hupunjwa akiwa macho.

Sarafu hizi zina historia ndefu na wilaya hii. Novemba 1884 Carl Peters alipita Usagara akikusanya mikataba, mmojawapo ule wa Chifu Mangungo wa Msowero. Kampuni iliyozaliwa na safari hiyo ndiyo iliyotoa rupia na sarafu ndogo za pesa kuanzia 1890. Upande mmoja wa rupia yuko Kaisari Wilhelm II na kofia ya vita yenye tai juu, upande wa pili simba na mti wa jamii ya mnazi. Mwaka 1904 serikali ya koloni ilichukua kazi hiyo, na rupia iliyokuwa na pesa 64 ikagawanywa kwa heller 100. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikasonga magharibi kupitia Kilosa. Vibarua wa reli na wa mashamba ya walowezi walilipwa kwa fedha hiyo, na kwa fedha hiyo hiyo wakadaiwa kodi. Ndiyo maana bado zimo masandukuni mwa mabibi.

Tuanze na hesabu ya sonara, maana muuzaji asiuze chini ya hapo. Rupia moja ina gramu 11.66, na asilimia 91.7 yake ni madini ya fedha, yaani kama gramu 10.7. Zidisha kwa bei ya gramu siku hiyo. Anayekupa pungufu anakuibia.

Juu ya hapo kinachopandisha bei ni uchache na hali ya sarafu. Heller moja ya shaba ilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo hata ikiwa na zaidi ya miaka 110 haimtajirishi mtu. Sarafu ya rupia mbili ilitolewa mwaka 1893 na 1894 tu, na wakusanyaji huigombea. Kilele ni dhahabu ya Tabora ya 1916. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoikatia koloni njia ya bahari, Wajerumani walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakagonga katika karakana ya reli sarafu 16,198 za rupia 15, zenye tembo mbele ya milima. Hizo minadani Ulaya na Marekani huuzwa kwa maelfu ya dola. Ndugu yake, heller 20 ya Tabora yenye herufi T, ni nyingi zaidi na bei yake ni ya kawaida, isipokuwa aina chache.

Hali ya sarafu ndiyo inayotuponza. Ishike ukingoni, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha, utazame sehemu zilizoinuka: tai wa kofia, masharubu, sikio. Manyoya ya tai yakihesabika, una kitu. Yakiwa yamelainika kama sabuni, bei inarudi karibu na ya sonara. Tundu la katikati la heller 10 ni la kiwandani, halina ubaya. Tundu la ukingoni kwenye rupia lilitobolewa ili ivaliwe shingoni, nalo hula sehemu kubwa ya thamani. Baya kuliko yote ni kusugua. Watu huchukua ndimu, majivu au waya wa kusugulia sufuria ili sarafu ing'ae kabla ya kumwonyesha mteja, na kwa dakika mbili wanaondoa rangi iliyochukua karne moja kujengeka. Mkusanyaji akiona ile mikwaruzo huirudisha mezani. Inaniuma kila ninapoiona rupia nzuri imefanyiwa hivyo.

Za bandia zipo pia. Inayonaswa na sumaku si fedha wala dhahabu. Isiyonaswa ipimwe kwa mizani ya sonara.

Kabla ya kutaja bei, tafuta bei zilizokwisha kulipwa minadani kwa sarafu ya aina, mwaka na hali kama yako. Bei anayoiomba muuzaji mwingine mtandaoni si ushahidi wa soko.

Wapo pia wanaochimbua magofu usiku wakitafuta mali eti iliyofukiwa na Mjerumani. Hao hawafanyi biashara. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kunahitaji kibali. Rupia ya Kaisari ni ya baada ya mwaka huo, lakini sarafu ya masultani wa Kilwa ikiibuka shambani iko chini ya sheria hiyo, na wa kupelekewa ni Idara ya Mambo ya Kale, si dalali.