Vita vya Chetambe: Mwanahistoria Amwulize Nani?

Katika mwaka wa 1895 Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza katika ngome zao mbili, Lumboka na Chetambe. Atakaye kuandika habari za vita hivyo hana budi kuanza na maandishi ya Bwana C. W. Hobley, afisa wa serikali wa wakati ule. Humo atasoma kwamba chanzo kilikuwa bunduki zilizofika mikononi mwa Wabukusu, na kwamba askari waliotumwa kuzidai waliuawa. Lakini huyo ni shahidi wa upande mmoja, tena wa upande ulioshinda. Hata jina linapoteza njia: anayetafuta "Bukusu" katika karatasi za zamani ataambulia patupu, kwa maana ziliandikwa "Kitosh", jina la kupewa na wageni.

Basi atawaendea wazee, kama alivyofanya Gideon Were, ambaye kitabu chake cha historia ya Waluhya kilitoka mwaka 1967. Wazee hawahesabu kwa kalenda ya ukutani. Huhesabu kwa marika ya tohara. Hapo pana mtego. Majina ya marika ni manane, nayo huzunguka kwa muda wa karibu miaka mia. Kolongolo walitahiriwa tangu 1900, na Kolongolo wengine tangu 2000! Asiyeuliza "Kolongolo wepi?" atakosea kwa karne nzima.

Tena masimulizi hukua. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliokufa. Je, asemayo mzee ni ya 1895, au aliyasikia siku ile ya 1947? Swali hilo si la kumdharau mzee. Bwana Hobley naye aulizwe vivyo hivyo, kwani kitabu chake kilitoka mwaka 1929, miaka 34 baada ya vita.

Wairish nao wanaijua shida hii. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za serikali mjini Dublin iliteketea pamoja na karatasi za karne nyingi. Wanahistoria wao wamekuwa wakitafuta nakala zilizosalia kwingineko. Tena, kuanzia mwaka 1937, watoto wa shule walitumwa nyumbani na madaftari, wakaandika waliyosimuliwa na babu na bibi zao. Madaftari hayo yamehifadhiwa Dublin hata leo.